Bei Ni ya Mlango Peke Yake

Kama gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa hiki, ulifungia sabuni kabla hujalisoma, si neno. Mambo yenyewe ni machache.

Nyumba niliyokuwa nalinda iliuzwa, nikatolewa mimi pamoja na mbwa. Mbwa alipata mtu wa kumchukua. Mimi nikaenda kubisha hodi kwa mwanangu wa kike, ambaye nilimwacha hajui kufunga kamba za viatu. Nikamkuta ana mume, ana cherehani, na mvi zimeanza kumchungulia.

Hakunifukuza. Hakunikumbatia pia. Alinitandikia godoro nyuma ya pazia, kwenye chumba cha cherehani, akasema, "Kaa. Tutaona."

Nikakaa. Usingizi wangu ulikuwa wa kuchomwa na pini zilizodondoka kwenye godoro, lakini ulikuwa usingizi wa chini ya paa la mtu aliye wangu. Nimezunguka sana mimi. Nimepakua meli, nimechimba visima, nimeuza miwani ya kusomea bila mwenyewe kusoma vizuri. Kwa umri huu sina pengine. Mwanangu akisema basi, ni basi.

Kwa hiyo nilipopata kazi nilijiona nimeokoka. Na kwa sababu hiyohiyo sikumwambia ni kazi gani. Nilisema nalinda ghala.

* * *

Kazi yenyewe ilikuwa mvi zangu.

Duka lilikuwa ua mpana wenye paa la bati, umejaa mafriji, majiko na mashine za kufulia zilizokwisha kutumika kwa watu. Mwenye duka tulimwita Bosi, kijana ambaye ningeweza kumzaa na bado nikabaki na nguvu. Mkewe tulimwita Mama Matangazo. Yeye alipiga picha friji refu, limesuguliwa linang'aa, akalitia kwenye soko la mtandaoni, na chini yake akaandika bei ambayo hata baiskeli mbovu huipati kwayo.

Watu walikuja. Walikuja na mikokoteni na vigari vya kukodi. Wakinifikia mimi getini, ndipo walipoambiwa.

"Bei ile ni ya mlango peke yake. Friji zima bei yake iko ndani."

Kwa nini mimi? Bosi hakunificha.

"Mzee wangu, hapo getini nilikuwa na kijana. Walimpiga. Nikaweka kijana mwingine, naye wakampiga. Wewe hawatakugusa. Mtu akishakuamkia, hasira inamkwama kooni."

Ni kweli. Kuna bwana mmoja wa miraba minne, alikuja mishipa ya shingo imemtoka, simu ameishika kama jiwe la kurusha.

"Nani huyo aliyean... Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Watoto hawajambo. Sasa mzee, hii bei hapa..."

"Ni ya mlango."

"Mlango upi?"

"Wa friji."

"Mlango wa friji mimi nitaufanyia nini? Nikafungie choo?"

"Wapo waliofungia banda la kuku."

Akacheka. Mtu akishacheka amekwisha. Nikampa kiti, nikampa maji ya kunywa, nikampeleka ndani. Kigari alikwisha kukilipa, na mkewe alikwisha kuambiwa friji linakuja. Alitoka na friji dogo kuliko la kwenye picha, kwa bei kubwa kuliko ya kwenye picha, na aliniaga kwa mikono miwili.

Mwanzoni jambo hili lilinichoma. Halafu likaacha. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona uko palepale, unajua ni wako, lakini hata ukiufinya hausikii. Nilimwambia mjane maneno yaleyale. Nilimwambia mwalimu, nikamwambia bwana harusi mtarajiwa aliyekuja na mchumba wake. Yule mchumba alimtazama mwenzake, akatazama friji, akaniuliza mimi kama bei ya huyu bwana nayo ni ya mlango.

Kila mtu alicheka siku hiyo. Na mimi nilicheka, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya kazi.

* * *

Jioni moja mwanangu aliingia nyuma ya pazia bila kubisha, jambo ambalo halifanyi.

"Mzee, hebu niangalizie hapa."

Akanipa simu. Nikaona friji letu. Nililijua kwa ule ufa wa sakafu uliopita chini yake.

"Pale chuo cha ufundi wamenipa dirisha," alisema. Sauti ilikuwa inamkimbia. "Niwauzie wanafunzi maziwa na maji baridi. Sharti lao ni moja tu, niwe na friji langu mwenyewe, na liwe limefika Jumatatu. Wapo wengine wanalitaka hilo dirisha. Sasa tazama bei hii!"

Mumewe alichungulia kwenye pazia. Ni fundi rangi, mtu mpole, ambaye hata kucha zake zilikuwa na rangi ya nyumba za wengine.

"Mama watoto, kwa bei hiyo labda wanauza picha."

"Wewe kila kitu uongo. Hata harusi yetu ulisema michango haitatosha."

"Haikutosha."

"Lakini ulioa."

"Nilioa," alikubali fundi rangi. Kisha akanigeukia. "Baba, wewe unasemaje?"

Yeye ameniita baba tangu siku ya kwanza. Mwanangu aliniita mzee, kama anavyomwita muuza mkaa.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikisema bei hiyo ni ya uongo, ataniuliza nimejuaje. Na nikimwambia nimejuaje, nitakuwa nimejikunjia godoro kwa mikono yangu mwenyewe.

"Nitaulizia," nikasema.

* * *

Kesho yake nilimfuata Bosi kabla hajavua koti.

"Bosi, nina mwanangu anataka friji."

"Mwanao wa kumzaa? Na siku zote hizi hukusema!" Alinipiga begani kwa furaha. "Mwambie aje kesho. Nitampa lile la kwenye picha, kwa bei ileile ya kwenye picha. Wewe si mtu wa nyumbani?"

Sikuamini. Nikaanza kushukuru.

"Ila na wewe nisaidie kidogo," akasema.

Mama Matangazo alikuwa tayari ametoa simu. Alinisimamisha kando ya friji, akanipangusa vumbi mabegani, akaniambia la kusema.

"Lakini mama, mwanangu bado hajalinunua."

"Si atalinunua kesho?"

"Kesho."

"Basi wewe unasema ya kesho leo. Uongo uko wapi hapo?"

Nikasema. "Mimi na binti yangu tumechukua friji hapa. Bei ni hiyohiyo unayoiona. Njooni."

Ilibidi nirudie. Mara ya kwanza walisema nina uso wa msibani.

Nyumbani nilimkuta mwanangu anakata uzi kwa meno.

"Nenda kesho," nikamwambia. "Bei ni hiyohiyo. Nimeulizia."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wa hukohuko."

Alinitazama kwa kitambo, uzi bado uko mdomoni. Halafu akasema, "Asante, baba."

Neno hilo nililingoja tangu siku niliyobisha hodi. Lilipokuja nilikuwa nashona kifungo cha shati langu. Niliendelea kushona kifungo.

Asubuhi akaja mama mmoja na kijana wake kuchukua cherehani. Kumbe alikuwa anaitaka siku nyingi, na mwanangu alikuwa anasitasita kuiuza. Nilisikia wakiinyanyua, nikasikia mwanangu akimwambia, "Huo mkanda wake unapenda kutoka, usiuvute kwa nguvu." Walipoondoka chumba kilikuwa kikubwa. Nikavaa shati, nikaenda kazini.

* * *

Nilifika nikakuta watu wamejaa mpaka barabarani.

"Mzee wa kwenye video huyo!"

"Shikamoo babu! Umenitoa mbali wewe!"

"Babu, friji lako linagandisha vizuri?"

Bosi alinivuta kando. Alikuwa na jasho, lakini jasho la furaha.

"Mzee, umeona mambo? Sasa sikiliza. Mwanao akija, mwambie kama unavyowaambia wengine."

"Uliniahidi, Bosi."

"Na nitatimiza. Lakini nikimpa yeye mbele ya hawa wote, wote watadai. Tumia akili. Akae pembeni mpaka watu wapungue, tutalimaliza sisi wenyewe. Au hunijui?"

Nilimjua. Nikarudi getini.

Mwanangu alikuja na mtu wa mkokoteni nyuma yake. Alikuwa amevaa nguo zake za kwendea kwa watu. Aliponiona, nadhani mwanzo alifurahi, akafikiri ghala ninalolinda ndilo hili. Uso ulimfunguka. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yake akageuka.

"Dada, usiwe na wasiwasi. Huyu ndiye yule mzee aliyenunua na binti yake."

"Na nani?"

"Na binti yake. Hujaiona video?" Akamwonyesha.

Mwanangu aliitazama mpaka mwisho. Akamrudishia yule mwanamke simu, akashukuru, akasogea mbele yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja kuchukua friji. Lile la bei ile."

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, nilisikia pumzi zake. Nilitaka kumkonyeza mwanangu, nimpe ishara yoyote ile, asubiri kidogo. Jicho halikunitii. Mdomo ndio uliotii, kwa kuwa ulishazoea.

"Bei ile ni ya mlango peke yake, mwanangu. Friji zima bei yake iko ndani."

Hata hilo "mwanangu" nilimwambia kila mtu pale getini.

Hakucheka. Hakupiga kelele.

"Ni ya mlango," akasema.

"Ya mlango."

"Haya. Nipe mlango."

Bosi akajitokeza, anacheka.

"Dada yangu, mlango hauuzwi peke yake."

"Mzee wenu amesema bei ni ya mlango. Nimekuja na hela ya mlango. Leta bisibisi."

"Na mimi nataka mlango!" mtu akapaza sauti huko nyuma.

"Na mimi!"

"Mimi nipeni miwili, nitafanya meza!"

Bosi akaacha kucheka. "Jamani, milango haiuzwi! Mafriji yangu yabaki uchi?"

"Basi bei ile ni ya nini?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa bwana mwembamba, kandambili miguuni, fulana imepauka. Nilidhani ni mnunuzi. Na kweli alikuwa mnunuzi, siku yake ya mapumziko, amekuja kutafuta friji. Siku nyingine zote alikuwa askari. Akatoa kitambulisho.

Sijawahi kuona mtu akigeuka kama Bosi alivyogeuka.

"Afande, afadhali umekuja! Mimi nauza tu ndani. Mambo ya getini ni ya huyu mzee. Video ni yake, sauti ni yake, unaisikia mwenyewe. Hiyo bei ya mlango na mimi nimeisikia kwake."

Mama Matangazo alikuwa anatikisa kichwa kukubali, macho kwenye simu. Kidole chake kilikuwa kinafuta matangazo.

"Mzee, shikamoo," akasema askari, halafu akanishika mkono wa shati. "Ni kweli?"

Nikaitikia marahaba.

"Nani analalamika?" akauliza.

Ghafla kila mtu alikumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani. Geti likabaki na hewa. Aliyebaki ni mwanangu, kwa kuwa alikuwa mbele kabisa na mkokoteni ulimzibia njia.

"Wewe dada wa mlango. Twende ukaandikishe maelezo. Na wewe mwenye duka usifunge, nakurudia."

* * *

Kituo hakikuwa mbali, tulikwenda kwa miguu. Askari alitangulia, anaongea na simu, kandambili zinapiga lami. Sisi wawili tulifuata.

"Cherehani imeondoka," akasema mwanangu, macho mbele.

"Najua."

"Jumatatu ni keshokutwa."

"Najua."

"Unajua kila kitu wewe."

Askari akageuka. "Mnasemezana nini huko?"

"Ananiomba radhi," akajibu mwanangu.

Sikuwa nimemwomba.

Tukafika. Tukawekwa kwenye benchi, yeye akakaa ncha moja, mimi ncha nyingine. Askari aliingia nyuma ya kaunta na kandambili zake, akavuta daftari.

"Dada, unamfahamu huyu mzee?"

Mwanangu alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua.

"Nimemkuta pale dukani."

"Kabla ya hapo?"

"Mambo yake siyajui."

Na huo si uongo. Hajawahi kuyajua.

Askari akaifungua ile video. Sauti yangu ikajaa chumba kizima: mimi na binti yangu tumechukua friji hapa. Akaisimamisha hapo.

"Huyu binti ndiye ninayemtaka mimi. Mzee anavuta watu, binti anazungusha hela. Nimekwisha kuyaona haya mengi. Mzee naweza hata kumhurumia, lakini huyo mwenzake analala ndani leoleo. Yuko wapi?"

Hapo nikaelewa kwa nini mwanangu alijibu alivyojibu. Au nilidhani nimeelewa. Labda alikuwa anajikinga. Labda alikuwa amekwisha kumalizana na mimi. Nilimtazama, uso wake haukusomeka.

"Mzee, nakuuliza wewe. Binti yako yuko wapi?"

"Sina binti."

"Umesema mwenyewe kwenye video."

"Niliambiwa niseme."

"Huna mtoto kabisa?"

"Sina. Nimezunguka sana, sikuzaa."

Kule mwisho wa benchi, mikono ya mwanangu ikasimama. Mtandio ukabaki umekunjwa nusu. Nilingoja maumivu yaje, kwa kuwa niliona ndiyo mahali pake. Hayakuja. Nilikuwa natazama mguu wa kaunta, umeliwa na mchwa upande mmoja, na wameutegemeza kwa kipande cha mbao.

"Sawa," askari akasema, anaandika. "Hana mtoto. Unajua, mzee, maelezo ya uongo ni kosa jingine juu ya hili? Nikija kugundua kuna binti na ulimficha, hamtoki nyote wawili. Tia saini."

Nikatia saini. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyesoma darasa la pili mji mmoja na la nne mji mwingine, nilichukua muda. Askari alisubiri bila kunisukuma. Alikuwa mtu wa adabu.

"Dada, na wewe njoo uweke yako, kisha uende zako."

Mwanangu akasimama. Akaja mpaka kaunta, akapita karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani kwenye nguo zake. Akashika kalamu.

Nje tukasikia mtu anakimbia. Mlango ukasukumwa, akaingia fundi rangi, mweupe wa chokaa mpaka viwikoni, anahema. Yule mtu wa mkokoteni alikuwa amemfuata kazini kwake.

Alitazama kaunta, akatazama benchi, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi, nimewakuta wote wawili! Afande, kuna nini? Mama watoto, imekuwaje unamwacha baba yako kwenye benchi peke yake?"

Askari akaichukua kalamu kutoka mkononi mwa mwanangu, taratibu, akaiweka chini.